Nyumba ya Tassia Msiipandishe Ghorofa

Opicho, zima hiyo redio, kisha sogeza kiti upande huu ambapo ninakuona uso. Amondi, acha vyombo, mwanangu, vitaoshwa tu. Wewe umeolewa katika nyumba hii na maneno haya yanakuhusu kama yanavyowahusu hawa wawili, kwa hiyo kaa hapa kitandani, miguuni pangu. Muhonja, niinulie mto kidogo. Hapo panatosha. Sasa nisikilizeni wanangu, na mnisikilize bila kunijibu, kwa sababu pumzi niliyobaki nayo si ya kubishana. Daktari alisema alilosema, nami nilimwelewa kuliko mlivyodhani, hata mliponong'onezana pale mlangoni kwake. Sikuwaita tulie. Nimewaita kwa ajili ya nyumba.

Sisemi chumba hiki cha Mbotela. Chumba hiki ni cha kanjo, baraza la jiji, baba yenu alikipata alipokuwa akifanya kazi reli, na kadi ya kodi bado ina jina lake. Nataka kusema juu ya ile ya Tassia, ile ambayo watu wa kanisani wakinipita kioskini huniita kwa jina lake, mama mwenye nyumba, na mimi hucheka nao huku nikipakua maharagwe. Nyumba ile msiipandishe ghorofa. Msiiongeze hata jiwe moja juu. Kama hamtasikia lolote lingine katika haya nitakayosema, basi mmelisikia hili, na mengine yote ni ya kuwaeleza sababu, kwa maana najua ninyi ni watoto wa siku hizi, mtu akiwaambia msifanye, mnataka kujua kwa nini.

Baba yenu Zedekiah aliinunua ile ploti wakati Tassia yote ilikuwa majani na vyura, na watu wakamcheka wakisema amenunua bwawa. Kila Jumapili baada ya ibada alikwenda kusimama pale katikati, amevaa suti yake ya kijivu, mikono nyuma, anaangalia majani kama mtu anayeangalia ng'ombe wake. Alikufa kabla hajajenga. Opicho, ulikuwa bado na kaptula ya shule, na Muhonja alikuwa hajafika darasa la tano. Mimi nikabaki na kioski changu pale nje ya lango la kiwanda, Industrial Area, na hiyo ploti, na pesa za reli walizonipa baada ya kuzungushwa miaka, hata nikawazoea askari wa getini nao wakanizoea. Nikasema moyoni, nijenge haraka, kabla pesa hizi hazijaliwa na ugali.

Basi hapo ndipo jambo lilipoanzia, na lilianza kwa desturi yetu wenyewe, si kwa mwizi aliyetoka mbali.

Mnajua kwetu mjane haanzishi nyumba peke yake. Lazima mwanamume wa ukoo asimame, achimbe jembe la kwanza, aweke jiwe la kwanza, ndipo hiyo nyumba iitwe nyumba ya watu na si kibanda cha mwanamke. Wazee wa ukoo walioko Nairobi wakaja wakakaa humu humu, wakajaa mpaka wengine wakakalia ndoo, wakala kuku wangu wawili, wakanywa chai, ndipo wakauliza ni nani atasimama mahali pa Zedekiah. Wewe Opicho walisema bado ni mtoto. Wakatazamana, wakatazamana, kisha wote wakamgeukia Wabwire.

Mnamjua Wabwire. Ni mtoto wa shangazi yake baba yenu, yule shangazi aliyeolewa Samia, lakini wazee walimhesabu kuwa wa ukoo. Ndiye mwenyekiti wa chama chetu cha mazishi, na kanisani ndiye anayeanzisha nyimbo. Na kazi yake ni kontrakta. Mzee mmoja akapiga magoti yake kofi kwa furaha, akasema, "Tumepata mbili kwa moja. Atasimama kama mwenye nyumba, na ndiye atakayejenga. Lenah, unataka bahati gani zaidi ya hiyo?"

Naye Wabwire akacheka kile kicheko chake cha tumbo, akanigeukia, akasema, "Shemeji, mimi ndimi bwana nyumba na ndimi fundi. Nikikosea, nitajigombeza mwenyewe."

Watu wote wakacheka. Mimi pia nilicheka, wanangu. Lilikuwa neno la kuchekesha.

Sasa tazameni lilivyonifunga. Mama mmoja tuliyekuwa tukiuza naye alikuwa ameniambia, kabla mtu hajakugusia jiwe, andikianeni, aandike atajenga nini, kwa vitu vya namna gani, atamaliza lini, na wewe utalipa hatua gani ikiisha, kisha mtu wa tatu aweke sahihi. Nikalisema hilo mbele ya wazee, kwa upole, nikiwa nimepiga goti huku nawamiminia chai. Mzee yule yule akaweka kikombe chini, akasema, "Uandikiane na nani? Wabwire ndiye mwenye nyumba. Wewe na Zedekiah mliandikiana lini mlipokuwa mkijenga kule nyumbani?" Mwingine akaongeza, "Mjini kumemharibu shemeji yetu. Kesho atataka risiti ya sadaka." Wakacheka tena, na karatasi yangu ikaishia hapo. Kweli, kwa jinsi walivyoliweka, ingekuwa ni Wabwire kuandikiana na Wabwire.

Ndiyo maana nawaambia, na hili mlishike hata kama mtajenga choo: anayejenga asiwe ndiye anayesimama upande wa mwenye kujengewa. Akiwa ni ndugu, msimpe zote mbili. Mpeni heshima, mpeni kiti cha mbele, achimbe hilo jembe la kwanza na apigiwe vigelegele, kisha kazi mtafutie mtu mwingine ambaye mnaweza kumgombeza bila ukoo mzima kuja kukaa juu ya ndoo zenu. Na huyo mwingine naye, awe mtu wa kanisa, awe mtu wa kijiji, mwandikiane. Mtu mwema hachukii karatasi. Itamlinda na yeye.

Muhonja, maji. Kidogo tu. Ahsante mama.

Jembe la kwanza lilichimbwa siku ya Jumamosi. Mchungaji alikuja, tukaimba, tukaomba mpaka jua likatuchoma vichwa, na baada ya maombi hayo mtu yeyote aliyeuliza swali alionekana kama mtu wa imani haba. Niliuliza ramani iko wapi. Wabwire akagonga kichwa chake kwa kidole, akasema, "Iko hapa, shemeji. Ya karatasi ni ya kuwaonyesha kanjo, na kanjo niachie mimi, nawajua kwa majina." Sikuona ramani. Mpaka leo sijaiona. Ombeni, wanangu, sisemi msiombe, lakini ombeni ramani ikiwa mkononi mwenu, na muhuri wa kanjo mmeuona kwa macho.

Halafu wakaanza kuchimba msingi, na mnajua mimi siku za kazi sitoki kioskini, wafanyakazi wakitoka saa ya chakula wasiponikuta wanahamia kwa jirani na hawarudi. Nilikuwa nikienda Tassia Jumamosi jioni. Jumamosi ya kwanza nikakuta mtaro uko magotini kwa mwanamume, udongo mweusi ule, ule unaonata kwenye kiatu kama uji wa kuungua. Nikakumbuka baba yenu alikuwa akisema udongo huo haujengewi, unatafutwa ulipoishia, hata kama ni urefu wa mtu, mpaka mtalimbo ugonge mwamba ulie. Nikataka nishuke ndani nione. Wabwire akaninyooshea mkono, si wa kunishika, ni wa kunizuia.

"Shemeji, hapo usiingie. Mjane haingii katika msingi ulio wazi. Ataleta kifo katika nyumba."

Nikarudi nyuma. Nilirudi upesi sana, hata nikajikwaa kwenye karai, vijana wa kazi wakacheka. Nani angekataa? Nilikuwa nimezika mume, nikisikia neno kifo nilikuwa nashika watoto wangu. Jumamosi iliyofuata mtaro ulikuwa umefunikwa, mawe yamepanda, zege limekauka juu, na hakuna mtu angeweza kuniambia chini kuna nini. Baadaye sana nilimuuliza bibi yenu kule nyumbani juu ya mila hiyo. Mama mkwe wangu alikuwa akipeta mahindi, akasimamisha ungo, akafikiri, akasema, "Hiyo sijawahi kuisikia. Mimi mwenyewe nilikuwa mjane nikikanyaga udongo wa nyumba ya Zedekiah kwa miguu yangu hii. Nani kakwambia?" Sikumwambia ni nani.

Basi ile desturi ya kweli ndiyo iliyonipeleka kwa Wabwire, na ya kwake ya kujitungia ndiyo iliyonifukuza pale penye mtaro. Mkijenga, msingi ukae wazi mpaka mtu ambaye hali mezani pa kontrakta ashuke, aguse chini kwa mkono wake, apande aseme nimeona. Hata kama mvua inatisha. Hata kama kontrakta ananuna na kusema vijana wanakaa bure. Kikishafunikwa kimefunikwa.

Vifaa pia alinunua yeye. Aliniambia mwanamke akiingia dukani kununua simiti anauziwa bei ya mwanamke. Nikaona ni kweli, maana mimi mwenyewe nikipeleka jiko langu gereji kuchomelewa huwa naona wanavyoniangalia. Vyuma vililetwa, nikaviona vimelala pale mbele ya ploti, vingi, virefu, vinang'aa, nikajisikia mtu mkubwa. Wiki iliyofuata havipo. Nikauliza.

"Vimeingia kwenye nguzo, shemeji."

"Vyote?"

"Vyuma vikishaingia havionekani tena. Ni kama chumvi kwenye mboga. Wewe ni mpishi, unajua. Utaniuliza chumvi iko wapi?"

Vijana wakacheka tena, na mmoja akaniambia, "Mathe, relax, hii ni mawe, haitoroki." Nikaenda kusimama barabarani. Nilipofika hapa, Muhonja, ulikuwa umekaa pale mlangoni na sanduku lako, umefukuzwa shule kwa ajili ya karo, na ukaniambia mwalimu amesema urudi ukiwa na karo yote au usirudi. Nilikwambia ngoja nyumba iishe, wapangaji wataingia, utarudi. Hukulia. Ulifungua sanduku ukatoa sare ukaikunja. Basi nakwambia leo, mama, mahali shule yako ilipo. Iko ndani ya ule msingi, pamoja na vile vyuma ambavyo havimo.

Usilie sasa. Nitasahau ninalotaka kusema.

Nyumba ilipofika kwenye slabu, ile zege ya juu, ilisimama vizuri, si uongo, ilipakwa rangi ya maziwa, na watu wakaja kuiona. Vyumba vyote vya chini vikapata wapangaji kabla milango haijakauka rangi. Nikaanza kuhesabu siku za Muhonja kurudi shule. Kisha ikaja ile mvua ya mwaka jana, ile waliyoiita El Nino, ambayo hamhitaji niwaeleze, mliona wenyewe Mbotela hii mtu akivua viatu kwenda chooni. Mvua ilipokuwa katikati, mpangaji wa chumba cha mwisho akanijia kioskini, akaniambia, "Mama, mlango wangu haufungi tena." Nikadhani ni mbao zimevimba. Nilipokwenda nikakuta ufa umetoka sakafuni, umepanda juu ya mlango, umepinda kama mshipa wa mkono wa mzee, na ukiweka kidole kinaingia.

Wabwire alikuja nilipomwita, sitamsingizia, alikuja siku hiyo hiyo. Akaupiga ule ukuta kofi mara mbili kama mtu anayempiga ng'ombe wa kununua. "Shemeji, nyumba mpya hutafuta mkao. Hata wewe ukikaa kwenye kiti kigeni unajisogeza." Akaleta simiti akauziba, akapaka rangi juu. Mvua haijakoma ufa ukarudi, ukaja na ndugu zake.

Halafu jirani yetu Mbithi, yule Mkamba mwenye ploti ya kushoto, akaanza kuchimba msingi wake baada ya maji kukauka. Yeye alichimba mpaka vijana wake wakawa wanapandishwa kwa kamba. Siku moja akamtuma mtoto wa mpangaji kwangu, "Mwambie mama mwenye nyumba aje aone kitu." Nikaenda. Akanishika mkono, akanishusha kwa ngazi, mimi mwanamke mzima na lesu yangu, ndani ya mtaro wake. Akanionyesha upande wetu. Msingi wetu ulionekana kwa chini, wanangu. Uliishia pale pale nilipouona Jumamosi ile, magotini. Chini yake ni udongo mweusi tu, unang'aa maji, na Mbithi akaendelea kuchimba kwenda chini urefu mwingine wa mtu kabla hajapata mwamba. Nyumba yetu imewekwa juu ya uji. Mbithi hakunicheka. Aliniambia tu, "Mama Opicho, hiyo usiitwike kitu kingine. Kama ilivyo hivyo hivyo, sijui."

Sasa mtaniuliza, na wewe Opicho uliniuliza kwa hasira siku ile, kwa nini sikumshtaki. Nilikwenda kwa wazee. Walinisikiliza, wakajikuna, wakasema, "Unamshtaki nani? Wabwire ndiye tuliyemsimamisha kama mwenye nyumba. Umshtaki mwenye nyumba kwa nyumba yake?" Na mmoja akanisindikiza mpaka nje, akaniambia kwa sauti ya chini, kwa wema kabisa, "Lenah, huyu ndiye mwenyekiti wa mazishi. Mkikosana, mwili wako utafika nyumbani na nani?" Nilikwenda kanjo. Kijana wa pale akaitafuta ploti yetu katika mafaili yake, akaniambia kwa jinsi anavyojua yeye pale pana majani. Hakuna nyumba. Akaniambia nikimsumbua sana ataleta tingatinga iwe kweli. Nikaja nyumbani.

Nilikwenda pia Umoja, kwa mjane mmoja anaitwa Nzembi, ambaye nilikuwa nimesikia alijengewa na Wabwire zamani. Nilimkuta ameegemeza ukuta wake wa nyuma kwa miti ya mikaratusi, kama zizi. Nikamweleza shida yangu. Akanitazama sana, akasema, "Dada, mimi niko hapa hapa siku zote. Ungekuja kabla hajakuchimbia, ningekukaribisha ndani, ungeona kwa macho, na chai ungekunywa." Hakuna neno limeniuma kama hilo, kwa sababu kutoka hapa mpaka kwake ni mwendo wa mguu tu. Yaani mtu akikwambia amejenga hapa na pale, usikubali akupeleke yeye. Nenda peke yako, nenda baada ya mvua, na usimuulize mwenye nyumba ambaye anaona aibu, muulize mpangaji anayelala ndani.

Haya, maneno haya yote ni mazuri, na nayasema kama mtu anayewafundisha mtakavyojenga. Lakini mtajenga wapi? Ploti nyingine hakuna. Pesa za reli hakuna. Najua ninawapa kijiko baada ya chakula kumwagika.

Opicho. Usiangalie chini. Unafikiri sijui. Lori la kokoto lilimwaga mzigo pale Tassia wiki iliyopita, na mpangaji wa chumba cha mwisho alinijia hapa na machungwa, akaniuliza kama ni kweli tunaongeza juu, ahame au akae. Najua Wabwire alikuita, akakununulia soda, akakwambia, "Kijana, sasa umekuwa mwanamume, umeoa, simama mwenyewe kama mwenye nyumba, mimi nitakuwa kontrakta tu, utanilipa polepole kwa kodi, yale ya mama yako yalikuwa makosa ya mvua." Nimesikia kila neno. Na najua kwa nini ulikubali. Kazi ya kibarua pale godauni wanakuita asubuhi wakikutaka na wakikufukuza hawakuambii kwa nini. Una mke, na Amondi hayuko peke yake tena, tumboni mwake mna mtu, mimi ni mama, naona. Unaona vyumba vinne juu, wapangaji wanne, na mtoto wako hatazaliwa katika chumba cha kugawanywa na pazia. Mimi pia niliviona vyumba, mwanangu. Niliviona kabla yako.

Usinijibu ndiyo kwa sababu nakufa. Ndiyo ya namna hiyo haitadumu hata matanga yaishe.

Kama ungeweza kunisikia, ningekwambia ubomoe. Waambie wapangaji wahame, toa madirisha, toa milango, uza mawe yale, yana wanunuzi, kisha weka vyumba vya mabati chini, vyepesi, ambavyo udongo ule unaweza kuvibeba. Watu watakucheka kama walivyomcheka baba yako. Wabwire ataenda kuwaambia wazee kwamba umebomoa nyumba ya ukoo. Hilo najua huliwezi. Kuuza pia hutaweza, kwa maana ukimwambia mnunuzi ukweli hatanunua, na ukimficha, wanaolala ndani watakuwa watoto wa mtu, na mimi sikukuzaa kwa ajili hiyo.

Nani anagonga? Amondi, fungua.

Nimesikia. Msimnong'oneze, masikio yangu ndiyo ya mwisho kuondoka. Huyo ni kijana wa Wabwire, anasema simiti imefika Tassia, iko nje, mawingu yamekusanyika, na dereva hataki kushusha mpaka mwenye nyumba awepo. Mwenye nyumba. Unasikia walivyokuita, Opicho. Ni jina tamu.

Keti. Simiti ikinyeshewa imenyeshewa.

Basi unavaa viatu.

Unasema utarudi sasa hivi, na najua unasema kweli, utarudi sasa hivi. Mwache apite, Muhonja, usimshike shati. Alikuja kunisikiliza, amesikiliza. Opicho, angalau simama pale wakifunga vyuma. Angalau uvihesabu vikiingia. Hakunisikia, ameshafika kwenye ngazi. Mlango urudishieni, upepo una baridi.

Sogeeni karibu ninyi wawili, sauti inaniisha.

Muhonja, cherehani ni yako, hiyo hapo na meza yake, na sitaki mtu wa ukoo aje aiangalie mara mbili. Kadi ya kodi ya chumba hiki iko chini ya godoro hili. Lipa kanjo kabla ya kula. Barre wa dukani anatudai unga na mafuta ya taa, yeye mwenyewe atakwambia ni kiasi gani, na umwamini, hajawahi kunidanganya. Mimi mnipeleke nyumbani, mnizike karibu na baba yenu, na Wabwire ataimba, hamtaweza kumzuia, ndiye mwenyekiti. Mwacheni aimbe. Lakini kaburi wachimbe vijana wa nyumbani. Yeye asilijengee.

Muhonja, wewe usilale Tassia. Hata siku moja. Watakuita ukawasaidie na mtoto, watakwambia huku juu kuna hewa. Nenda mchana, mbebe mtoto, mcheze naye nje, jioni urudi hapa. Chumba hiki ni kidogo na choo ni cha watu wengi, lakini ukuta wake haujasogea tangu baba yako aniingize humu.

Amondi, mwanangu. Wewe ni mke, utalala mume anapolala, siwezi kukupa amri nyingine na siwezi kukwambia umwache. Kitanda chako kiweke karibu na mlango. Mvua ikianza, usimngoje aamke. Usiwaze nguo. Chukua mtoto utoke. Wakikucheka kesho yake, wakucheke. Utafanya hivyo? Nikunjie kidole. Ahaa. Nimeona.

Mkono wako. Na wako, Muhonja. Wekeni hapa kifuani.

Mungu wa Zedekiah na wangu awaangalie. Awape chakula bila kuwadhalilisha. Muhonja, akupe kusoma, sijui kwa njia gani, mimi njia sikuiona, yeye aione. Amondi, mtoto atoke kichwa kwanza, alie kwa nguvu. Na Opicho... mwambieni nilimbariki akiwa njiani. Mwambieni nilimtaja kwa jina, nikambariki miguu, na mikono, na macho, ili aone. Yeye ndiye niliyembariki. Na wewe, na wewe.

Nyumba siibariki. Msije mkasema baadaye... mama aliibariki. Sikuibariki.

Geuza mto, Muhonja. Upande wa baridi.

Ni mvua hiyo, au ni watu wanatembea?